Kikohozi cha Mlangoni

Nyonga mpya aliyowekewa Phelister ilikuja na masharti kushinda dawa ya mganga. Asiiname. Asikalie kitu kifupi. Asipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, hata awe amekaa na wenzake umbea umenoga. Asijipinde kuokota kitu sakafuni, hata kikiwa dhahabu. Akilala, mto ukae katikati ya magoti. Daktari alimweleza taratibu, huku akizungusha ngumi ndani ya kiganja cha mkono wa pili kumwonyesha jinsi kichwa cha chuma kinavyokaa kwenye kikombe chake, na jinsi kinavyoweza kuchomoka mwenye mguu akijisahau. Phelister aliitikia kila neno. Alikuwa amekaanga samaki miaka mingi kando ya Spine Road, amesimama juu ya karai la mafuta mpaka nyonga aliyozaliwa nayo ikasagika, na kila ngazi ikawa kilio. Sasa amepewa nyingine, na hakuwa na nia ya kuichezea.

Jambo moja daktari hakuliuliza, naye Phelister hakulisema, maana kuna mambo ambayo hata ukiyapeleka hospitali hayana dawa. Daktari hakuuliza ni nani angebaki naye nyumbani mchana.

Nyumba yake ilikuwa Kayole, orofa ya nne, ngazi nyembamba zisizo na pa kushika, na choo cha kuchuchumaa kinachotumiwa na orofa nzima. Huko hangeweza kurudi kabla mguu haujapata nguvu. Kwa hivyo binti yake, Marion, akamchukua Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, ambazo ukifungua mlango umekanyaga ardhi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu. Cha ndani alilala Marion na mumewe. Cha nje kilikatwa kwa pazia, na nyuma ya pazia Phelister akawekewa kitanda, kiti kilichoinuliwa kwa matofali, ndoo yenye kiti cha plastiki juu yake, na ile fremu ya chuma ya kutembelea.

Mume wa Marion aliitwa Simiyu, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Wote ni watu wa Bungoma. Na kwao, jinsi Phelister alivyolelewa, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anakata kona, hata kama kona yenyewe ni shamba la watu. Kulala chini ya paa moja ni jambo la kunong'onezwa. Mkwe kumwona mama uchi, au kumshika mwili, hilo wazee hawalitaji kabisa, na wanasema balaa lake haliwaangukii wao wawili. Linamwangukia mtoto aliye tumboni. Anazaliwa akitetemeka, au hazaliwi. Cheka ukitaka. Ninawajua wasomi wanaoyacheka haya Nairobi, na wakifika kwao Desemba wanazunguka nyuma ya zizi ili wasikutane na mama mkwe uso kwa uso.

Na Marion alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali kushinda wenzake, na Phelister alikuwa akiliangalia lile tumbo kwa wizi, kama mtu anayeogopa kulitia jicho. Ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja. Mguu upone, apande ngazi zake za Kayole mwenyewe, atoke chini ya paa la mkwe kabla mtoto huyu hajapatwa na lolote.

Simiyu alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Asubuhi akirudi, Marion alikuwa ameshaenda Gikomba kuuza nguo za mitumba za watoto. Mchana kutwa walibaki wawili, mama mkwe nyuma ya pazia na mkwe chumba cha ndani, na kuta zenyewe ni nyembamba hivi kwamba mmoja akijigeuza kitandani mwingine anajua. Basi wakajitungia sheria bila kukaa kikao. Simiyu akifika mlangoni anakohoa, kisha anangoja. Phelister anavuta pazia na kugonga fremu sakafuni. Hapo ndipo mkwe anapoingia, uso umeelekea ukutani, na kupita moja kwa moja mpaka ndani. Wakiwa na la kuambiana, kila mmoja aliliambia ukuta wake.

"Chai iko kwa chupa, mtu akitaka," Phelister angesema.

"Mtu ameshukuru," ukuta ungejibu.

Alimpenda yule kijana, na hilo lisemwe wazi. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono wala sauti. Matofali yaliyoinua kiti chake Simiyu ndiye aliyeyabeba na kuyapanga, siku Phelister alipokuwa kliniki, na akalaza blanketi kuukuu juu ili kiti kisimuumize. Hakusema ni yeye. Phelister alijua, na hakushukuru, kwa kuwa shukrani nayo ingehitaji uso.

Kazi za mwili alimfanyia Kawsar, jirani wa mlango wa pili, mama Msomali aliyeuza maziwa ya ngamia pale uani. Kawsar hakuwa ndugu wala mtu wa kwao, lakini kila asubuhi alikuja, akamwaga ndoo, akamwogesha mgonjwa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, na mdomo wake haukupumzika.

"Funua, Mama Marion, funua. Mficha uchi hazai."

"Mimi nilishazaa, nikamaliza."

"Basi kaa hivyo hivyo, unuke." Kisha, huku akisugua mgongo, "Walahi, hii sheria yenu mimi haiingii kwa kichwa. Kwetu mama wa bibi yako ni mama yako. Unamshika mkono, unambeba akizeeka. Sasa huyu kijana ako na mabega namna hiyo, na anakuangalia kupitia ukuta."

"Kila mtu na kwao, Kawsar."

"Ni sawa. Lakini siku moja utanitafuta unikose."

Siku yenyewe ilifika bila kishindo. Usiku wa kuamkia siku hiyo shangazi yake Kawsar alifariki kule Eastleigh, na alfajiri Kawsar akapita dirishani, tayari amevaa jilbabu nyeusi, kusema anaenda mazishini. "Usijioshe mwenyewe. Ningoje, hata ikiwa jioni." Marion naye alikuwa akikimbilia Gikomba, kwa sababu ilikuwa siku ya kufungua mzigo mpya, na siku hiyo ukichelewa wenzako wanachagua nguo nzuri unabaki na matambara. Akamwekea mama maji kwenye beseni, juu ya stuli ndefu, ya kunawa uso tu.

"Mama, ngoja Kawsar."

"Nitangoja."

Hakungoja. Kesho yake alikuwa na kliniki, na kwenye hiyo kliniki alinuia kumwomba daktari ruhusa ya kujaribu ngazi. Ataendaje mbele ya daktari akinuka jasho la kitandani? Mvua ilikuwa imeanza, kubwa, ya kupiga mabati mpaka masikio yanaziba. Saa za mkwe kurudi zilikuwa bado. Akakaa kwenye kiti chake kirefu, pazia amelisukuma kando ili apate mwanga wa dirisha, akavua kila kitu, akaweka leso mapajani, na kuanza kujipangusa. Alifanya kwa uangalifu, mgongo wima, jinsi alivyofundishwa. Alikuwa hata anaimba kidogo.

Asichojua ni kwamba kule kiwandani stima ilikuwa imepotea usiku na wafanyakazi wakaachiliwa mapema. Simiyu alifika mlangoni amelowa chapachapa. Alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, na mvua ikakimeza kikohozi chote. Alidhani mama amelala, kama ilivyowahi kutokea, na siku hizo pazia huwa limefungwa. Akasukuma mlango.

Phelister alisikia komeo. Alishtuka, leso ikateleza ikaanguka chini, na kabla akili haijamwambia chochote mwili wake ulikuwa umeshainama kuifuata, umejipinda, mkono mmoja chini na mwingine unalitafuta pazia. Masharti yote ya daktari aliyavunja kwa mara moja. Ndani ya nyonga kitu kilitoa mlio, si mkubwa, na akaanguka katikati ya kiti na kitanda, beseni likamfuata. Pazia alilipata. Hilo alilipata, akalivuta likafunga.

"Mama?" Simiyu alisahau hata kuuambia ukuta.

"Usije!"

"Mama, kumeendaje?"

"Usije! Ni beseni limeanguka. Geuka utoke nje."

Akamsikia akirudi nyuma, akigonga mlango kwa kiwiko. Kisha sauti ikatoka nje, kwenye kibaraza cha mbele. "Sijaona kitu, mama. Naapa sijaona kitu."

Maumivu yalikuja baadaye kidogo, na yalipokuja aliuma leso ili asipige kelele. Akautazama mguu. Ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti limegeukia ndani kulitazama goti la pili. Hakuhitaji daktari. Ngumi ilikuwa imetoka kiganjani.

Sasa sikiliza jinsi alivyofikiri, usije ukamwita mjinga kabla ya wakati. Akipiga kelele, wanawake wa ule mstari wa nyumba watakuja. Nusu yao ni wa kwao, na tayari walikuwa wanasema pembeni kwamba Mama Marion amekosa haya, amehamia kwa mkwe. Wakiingia watamkuta yuko uchi sakafuni, mlango ulikuwa umefungwa, mvua inanyesha, binti hayuko na mkwe yuko. Maneno yatafika Bungoma kabla yeye hajafika hospitali. Na akimwambia Simiyu ukweli, Simiyu ataingia. Ataingia tu, kwa kuwa ni kijana mwenye moyo. Basi njia aliyoiona ni moja, kudanganya mpaka mwanamke anayefaa arudi.

"Mtu amekaa chini kidogo," alisema, akijitahidi sauti isitetemeke. "Anapumzika. Kawsar atamnyanyua."

"Kawsar ameenda Eastleigh, mama. Nimekutana naye kwa steji."

"Basi Marion. Mpigie."

Akamsikia akibonyeza simu. "Amezima simu."

Bila shaka. Siku ya kufungua mzigo watu wanasukumana pale Gikomba, na Marion alikuwa na desturi ya kuzima simu na kuifunga kiunoni, ndani ya nguo, kwa sababu ya wezi.

"Nikuitie mama wa hapa ng'ambo?"

"Usiniitie mtu! Unataka waseme nini?"

Simiyu alijua wangesema nini. Phelister akasikia hatua zake zikiingia kwenye mvua, na akajua ameenda Gikomba kwa miguu kumtafuta mkewe.

Alibaki peke yake na mguu wake. Alijifunika leso kadiri alivyoweza. Alijaribu kujivuta mpaka kitandani kwa mikono, na maumivu yakamfanya aone giza, akaacha. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi, na maji ya beseni yalikuwa yametambaa chini ya mgongo wake. Aliogopa. Aliogopa sana, na alikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyefuata kila agizo kwa wiki kadhaa akaja kuliharibu kwa kukimbilia kipande cha kitambaa.

Simiyu alirudi peke yake. Alikaa mlangoni akihema.

"Kibanda chake kimefunikwa nailoni. Wenzake wanasema ameenda na rafiki yake kugawana mzigo kwa godauni, na hawajui ni godauni gani. Nimezunguka, mama. Nimeuliza kila mtu."

"Atarudi. Usijisumbue."

"Mama, niambie ukweli. Mguu uko aje?"

"Uko sawa."

"Vidole vinasogea?"

Phelister aliangalia vidole vyake. Akaviamuru visogee. Alivitazama kwa makini, vidole vyake mwenyewe, vyenye kucha alizokatiwa na Kawsar, na havikutikisika hata kimoja. Pale juu ya unyayo alipokuwa amesikia moto mara alipoanguka, sasa hakusikia kitu.

"Vinasogea," alisema.

Mvua ilikuwa imepungua, na sauti ya Simiyu ilipokuja tena ilikuwa karibu zaidi. Alikuwa ameingia, amesimama mbele ya pazia. Kivuli chake kilionekana kwenye kitambaa.

"Naweza kufunga macho. Nifunge kitambaa kwa macho kabisa, nikufunike shuka, nikunyanyue nikuweke tu kitandani."

Alishawishika. Tusimpambe, alishawishika mno. Mwili wote ulisema ndiyo. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Na mikono," akasema, "utaifunga na nini?"

Kivuli kilisimama pale, kisha kikashuka, na akajua Simiyu ameketi chini upande wa pili wa pazia, mgongo umeegemea ukuta.

"Mama, ile siku ya hospitali," Simiyu alisema. "Marion akiwa ndani."

"Nyamaza."

"Nilikushika mikono. Tulikuwa tunalia, nikakushika. Na haikupita muda daktari akatoka."

"Nimesema nyamaza."

Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kusemwa. Kila mmoja alikuwa amelibeba peke yake tangu mimba ya pili itoke. Pale kwenye benchi la hospitali, wakiwa wamechanganyikiwa kwa hofu, walikuwa wameshikana mikono kama mama na mwana, na mlango ukafunguliwa wakaambiwa mtoto amekwenda. Mwenye akili za vitabu atasema mtoto yule alikuwa amekwenda hata kabla hawajashikana. Atasema kweli. Lakini hakuwa pale kwenye benchi, na mikono haikuwa yake.

"Kwa hivyo unajua," Phelister alisema.

"Najua."

"Basi rudi mlangoni."

"Sawa, mama," akasema Simiyu, na Phelister akasikia ndani ya ile "sawa" kitu kama nafuu. Kijana alikuwa amefurahi kukatazwa. Naye pia alikuwa amefurahi kwamba kijana ametii. Aliona aibu kwa ajili yao wote wawili, akafumba macho.

Mchana ulikuwa mrefu. Alijikojolea na akalia kwa sauti ndogo, zaidi kwa sababu ya hilo kuliko kwa sababu ya mguu. Mfupa ulikuwa ukimchoma kila alipopumua kwa nguvu, lakini kutoka goti kwenda chini mguu ulikuwa umenyamaza, na ule ukimya ndio uliomtisha. Kutoka mlangoni Simiyu alikuwa anazungumza, bila kungoja jibu, ili mama ajue kuna mtu. Alieleza jinsi sabuni inavyomwagwa ikiwa moto na kukatwa ikipoa. Alieleza habari za msimamizi wao, Tobias, anayelala kazini akiwa amesimama. Mara mbili alienda kugonga mlango wa Kawsar ingawa kufuli lilikuwa likining'inia pale machoni pake. Kila akirudi aliuliza juu ya vidole, na kila mara vidole vilisogea.

Jioni ilikuwa imeingia Marion aliporudi, mfuko wa nguo kichwani, amefurahi kwa sababu alipata nzuri. Alimkuta mumewe ameketi kizingitini na nguo zilizomkaukia mwilini.

"Sasa wewe, mbona umekaa hapa nje kama askari wa geti? Hukulala?"

"Ingia kwa mama," Simiyu alisema. "Ingia haraka."

Marion alivuta pazia. Alipiga ukelele mmoja, mfuko ukaanguka, akapiga magoti kwenye maji na mkojo na kuupitisha mkono chini ya kwapa la mama yake.

"Mama! Mama jamani, tangu saa ngapi? Nishike shingo. Nishike, nikuinue."

"Wacha. Ita mwanamke mwingine."

"Nitaita nani? Nishike!"

Akainua. Phelister ni mwanamke mwenye mwili, na Marion hakuwa na nguvu za kutosha hata siku ambazo hakuwa na mzigo wa mtu mwingine tumboni. Alimwinua kidogo, wakarudi chini wote wawili. Akakaza meno, akainua tena, tumbo lake limebanwa kwenye bega la mama, na Phelister akauona uso wa binti yake ukikunjamana. Akauona mkono ukiacha kwapa na kukimbilia ubavuni, chini ya tumbo, ukashika hapo.

"Wacha, Marion! Niache!"

"Mara moja tu. Mara moja tena, mama."

Wakati huo Phelister hakufikiri. Mawazo yote aliyoyapanga tangu asubuhi, ya wanawake wa mstari na ya Bungoma na ya wazee, hayakuwepo.

"Simiyu! Ingia hapa!"

Hakuja.

"Ingia, nimesema! Unataka mke wako apasuke?"

Akaja. Alikuja macho amefumba kabisa, mikono mbele, akagonga kiti kirefu na matofali yakatawanyika.

"Fungua macho," Phelister alimwambia. "Utaniangusha."

Akafungua. Akavuta shuka kitandani, akamzungushia mama mkwe wake kuanzia shingoni, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamnyanyua. Hakuhema hata. Mabega ni mabega, Kawsar alisema kweli. Phelister alipiga kelele ya maumivu na kichwa chake kikaangukia kifuani mwa mkwewe, kwenye shati lililonuka sabuni na mvua. Alichokilinda tangu asubuhi kilikuwa kimekwisha, na kilichukua muda wa mtu kumeza mate. Alilia basi, si kwa ajili ya mguu. Alilia kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo.

Barabarani walimkuta jamaa wa teksi, na usiku ule hospitalini walimlaza usingizi wa dawa na kuirudisha nyonga mahali pake. Marion naye alipimwa. Moyo wa mtoto ulisikika, lakini kulikuwa na damu kidogo, wakasema ni ya kuangalia, alale, asibebe hata sufuria. Hakulala. Asubuhi alikuwa kando ya kitanda cha mama, ameshika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba litaanguka. Simiyu alisimama upande wa pili. Alikuwa amesimama hapo usiku wote, na Phelister hakuwa na nguvu tena ya kumgeuzia uso.

Daktari alikuwa yule yule wa ngumi na kiganja. Alifunua miguu, akapitisha ncha ya kalamu chini ya unyayo.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Jaribu kuinua kidole kikubwa."

Wote wanne waliangalia kidole kikubwa. Daktari alisubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mfupa tumeurudisha, umekaa vizuri," alisema. "Lakini ulipotoka ulilalia mshipa wa fahamu, ule mkubwa unaoshuka mguuni. Mshipa ukibanwa kidogo huamka. Huu umebanwa kutwa nzima. Unaweza kurudi kiasi, sisemi hautarudi. Lakini sitaki kukudanganya."

"Na ngazi?" Phelister aliuliza.

"Ngazi gani?"

"Za kwangu. Kayole. Orofa ya nne."

Daktari aliangalia kalamu yake. "Hizo uziache, mama. Kwa sasa utahitaji mtu mwenye nguvu wa kukushika kila ukiinuka. Kukupeleka choo, kukugeuza. Kila siku."

Marion alianza kulia bila sauti. Phelister alimwangalia tumboni, akaangalia dari. Kila siku. Paa lile lile, pazia lile lile, na mikono ile ile, mpaka mtoto azaliwe, kama atazaliwa, na baada ya hapo.

"Kitu kimoja sielewi," daktari alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali. "Mnasema alianguka asubuhi. Mngemleta asubuhi ile, tungekuwa tunazungumza mengine kabisa. Nyumbani hapakuwa na mtu?"

Marion akamgeukia mumewe. Simiyu alifungua mdomo.

"Hapakuwa na mtu, daktari," Phelister akasema.

Daktari alitikisa kichwa, akaandika, akaenda kitanda kinachofuata. Simiyu alibaki amesimama, mkono wake umeshika ncha ya blanketi lililofunika mguu wa mama, na hakubisha.